Mwenye Njaa na Mshika Mwiko

Mbunge wa jimbo nchini Marekani hupokea malalamiko ya aina mbili kuhusu fedha za umma, na mara nyingi yote hutoka mtaa mmoja. Mpiga kura mmoja anasema kuna watu wanaiba kodi mchana kweupe na hakuna anayewagusa. Mwingine anasema msaada anaostahili umesimamishwa, fomu zake zimerudishwa mara ya tatu, na kila dirisha analokwenda anatazamwa kama mwizi. Wote wawili huenda wanasema kweli. Mbunge hawezi kumjibu mmoja kwa kumsahau mwenzake, na hapo kazi yake inaacha kuwa ya hesabu tu na kuwa ya maadili. Anapaswa kuamua shaka ielekezwe wapi pale mali ya wote inapogawiwa wahitaji: kwa anayenyoosha sahani, au kwa aliyeshika mwiko?

Swali hilo limejibiwa na dini kabla hayajakuwapo mabunge tunayoyajua leo. Ila jibu lake linaeleweka vizuri zaidi mtu akianzia kwenye tukio halisi, na hakuna tukio la miaka ya karibuni linalolionyesha waziwazi kama lile la jimbo la Minnesota.

Minnesota ina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134 na Seneti yenye wajumbe 67, na mabaraza yote mawili hukutana Saint Paul. Mjumbe mmoja wa Baraza huwakilisha watu wapatao 43,000, idadi ndogo kiasi kwamba hukutana nao dukani, msikitini na kanisani. Katiba ya jimbo inaliruhusu Bunge kukaa siku 120 tu katika kila kipindi cha miaka miwili. Mbunge huyu hakamati mtu wala hafungui mashtaka. Anachoweza kufanya ni kupitisha bajeti na sheria, kuwaita watendaji mbele ya kamati wajieleze, na kuitegemea Ofisi ya Mkaguzi wa Bunge, iliyoundwa mwaka 1973 ili Bunge lisilazimike kuamini kila linaloambiwa na serikali.

Mpango uliotikisa jimbo hilo ulikuwa wa kulisha watoto. Fedha zake zilitoka Wizara ya Kilimo ya Marekani, zikapita kwenye idara ya elimu ya jimbo, kisha kwa shirika mdhamini, kisha kwa kituo kinachopika na kugawa. Kituo hulipwa kwa idadi ya milo kinayodai kuigawa. Mdhamini ndiye anayetakiwa kuvisimamia vituo vyake, na mdhamini huyohuyo hubaki na asilimia 10 hadi 15 ya fedha zinazopita mikononi mwake kama gharama za uendeshaji. Kosa kubwa lilikuwa hapo tangu mwanzo: msimamizi alipata zaidi kadiri vituo vilivyodai zaidi, na hakupata chochote kwa kuvibana.

Mwaka 2020 janga la korona lilifunga shule, na watoto waliokuwa wakipata chakula cha mchana darasani wakabaki nyumbani na njaa. Washington ikalegeza masharti. Watoto hawakulazimika tena kula mbele ya msimamizi, wazazi waliruhusiwa kuchukua chakula, migahawa ya biashara iliweza kushiriki, na ukaguzi wa ana kwa ana ulipunguzwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mtoto hawezi kuambiwa asubiri taratibu ziandikwe upya ndipo ale, na lawama za baadaye dhidi ya kulegezwa kwa masharti yote kwa jumla hazikuwatendea haki waliofanya uamuzi huo katika dharura. Kilichokosekana ni upande wa pili: masharti yalilegezwa kwa mpokeaji na kwa mgawaji kwa pamoja, kana kwamba wote wawili walikuwa na njaa.

Mmoja wa wadhamini hao, shirika la Feeding Our Future, lililoongozwa na mwanzilishi wake Aimee Bock, lilipitisha takriban dola milioni 3.4 mwaka 2019. Mwaka 2021 lilipitisha karibu dola milioni 200. Vituo zaidi ya 250 vilifunguliwa chini yake katika jimbo zima. Mgahawa mmoja wa Minneapolis ulidai kulisha watoto 5,000 kwa siku. Januari 2022 maofisa wa FBI walivamia ofisi na nyumba kadhaa, na Septemba mwaka huo watu 47 walishtakiwa kwa udanganyifu wa dola milioni 250. Idadi ya washtakiwa iliendelea kupanda hadi kupita 70. Bock alikutwa na hatia Machi 2025.

Ushahidi mmoja unauonyesha wizi huo kwa karibu. Ili kuhalalisha madai ya milo, kituo kilitakiwa kuwa na orodha ya watoto waliokula. Majina ya orodha moja yalitolewa kwenye tovuti inayotunga majina ya kubahatisha. Safu ya umri ilijazwa kwa fomula ya Excel inayochagua namba yoyote kati ya 7 na 17. Fomula ya aina hiyo hubadilisha namba kila jedwali linapohesabiwa upya, hivyo mtoto aliyekuwa na miaka 8 asubuhi anaweza kuwa na 15 jioni. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe. Hapakuwa na mzazi mjanja aliyechukua sahani mbili. Hapakuwa na mzazi kabisa, wala mtoto, wala sahani. Maskini alitumiwa kama jina kwenye karatasi, huku maskini wa kweli akiendelea kuwepo mitaa michache tu kutoka hapo.

Taarifa hazikukosekana. Ripoti ya Ofisi ya Mkaguzi wa Bunge ya Juni 2024 iligundua kwamba kati ya Juni 2018 na Desemba 2021 idara ya elimu ilipokea malalamiko yasiyopungua 30 yanayolihusu shirika hilo. Baadhi hayakuchunguzwa. Mengine idara ililirudishia shirika lenyewe lijichunguze. Watendaji walipoanza kuuliza maswali na kuchelewesha maombi ya vituo vipya, shirika liliishtaki idara mahakamani Novemba 2020 likidai linabaguliwa kwa sababu linahudumia jamii za wahamiaji na weusi. Mkaguzi aliona kwamba vitisho vya kesi na vya kuandikwa vibaya magazetini vilichangia idara kuzubaa, ingawa uwezo wa kisheria wa kufanya zaidi ilikuwa nao.

Malalamiko hayo 30 ndiyo yanayoipa kazi ya mbunge uzito wake. Mara nyingi lalamiko la mwananchi huchukuliwa kama kero ya mtu mmoja: barua ya kujibiwa kwa upole na kufungiwa kwenye faili. Katika ulinzi wa mali ya umma, lalamiko ni ushahidi wa kwanza, na kwa kawaida hufika kabla ya mkaguzi yeyote. Jirani anayeona mlango wa kituo umefungwa ilhali kituo kinalipwa mamilioni, mfanyakazi aliyeambiwa asaini karatasi tupu, mwenye mgahawa mwaminifu aliyenyimwa kazi kwa kukataa kutoa asilimia ya kificho, hao wanajua mambo ambayo hayamo kwenye hesabu zozote. Mbunge asiyekuwa na njia ya kuyaunganisha malalamiko kumi yaliyokuja kwa nyakati tofauti ataona kero kumi mahali palipo na wizi mmoja.

Mafundisho ya dini yanafika hapa yakiwa na ukali unaoelekezwa mahali maalumu. Talmud, mkusanyo wa mijadala ya sheria za Kiyahudi, inajadili kama maskini asiyejulikana achunguzwe kabla ya kusaidiwa. Wanazuoni wawili, Rav Huna na Rav Yehuda, walitofautiana. Mmoja aliona anayeomba chakula achunguzwe, lakini anayeomba nguo asichunguzwe, kwa kuwa uchi ni fedheha. Wa pili aligeuza: anayeomba nguo achunguzwe, lakini anayesema ana njaa apewe, kwa sababu njaa ni maumivu yasiyosubiri. Rai hii ya pili ndiyo iliyoshinda, na mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides akaiandika kuwa sheria katika karne ya 12. Kurasa zilezile za Talmud zina kanuni nyingine kuhusu watu wa upande wa pili wa mfuko. Sadaka ya mji hukusanywa na watu wasiopungua wawili na kugawiwa na watatu, na wakusanyaji hawaruhusiwi kutengana njiani. Kwa mwenye njaa hakuna swali. Kwa mshika mfuko hakuna hatua anayopiga peke yake.

Historia ya Uislamu ina mizani hiyohiyo katika mtu mmoja. Khalifa Umar ibn al-Khattab anasimuliwa kwamba usiku mmoja, nje ya Madina, alimkuta mama aliyeweka sufuria ya maji jikoni ili watoto wake wadhani chakula kinaiva na wasinzie. Umar alirudi kwenye ghala, akabeba unga mgongoni mwake mwenyewe, akakataa mtumishi wake Aslam ampokee mzigo, na akapika. Hakuuliza ukoo wa mama yule wala sababu ya umaskini wake. Umar huyohuyo, wanasimulia wanahistoria, aliandika mali ya magavana wake kabla ya kuwatuma kazini, na waliporudi wakiwa na zaidi ya ilivyotarajiwa aliwanyang'anya nusu na kuirudisha Baitul Mali, yaani hazina ya umma. Msomaji anayezikumbuka hadithi hizo mbili kila moja peke yake huona tabia mbili, upole na ukali. Zikisomwa pamoja ni kanuni moja ya utawala.

Katika Ukristo swali lilizuka mapema sana, na lilizuka kama lalamiko. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaeleza kwamba Wayahudi wa lugha ya Kiyunani walinung'unika kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wanachochea mgawanyiko. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie meza. Majina ya hao saba yote ni ya Kiyunani, na ni vigumu kuamini kwamba hiyo ilikuwa bahati tu: inaelekea usimamizi ulikabidhiwa kwa watu wa jamii iliyokuwa imepunjwa. Paulo naye, alipochangisha fedha kwa ajili ya Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili mtu asipate la kuwalaumu juu ya fedha hiyo. Mtume mwenyewe hakutaka kuaminiwa bila mashahidi.

Kuna hoja nzito dhidi ya mafundisho haya. Kwa kuwa serikali si mama wa jirani, watu wanasema, haiwezi kutoa bila kuuliza. Fedha zake si zake, na kila dola inayotoka bila ushahidi ni dola ya mtu mwingine. Hoja hiyo ina ukweli. Kasoro yake ni kwamba inahesabu hasara ya aina moja tu. Michigan, jimbo lisilo mbali na Minnesota, ililipia hasara ya aina ya pili. Kuanzia Oktoba 2013 hadi 2015 jimbo hilo liliuachia mfumo wa kompyuta ulioitwa MiDAS kazi ya kuwatambua wadanganyifu katika mafao ya watu waliopoteza ajira. Mfumo ulilinganisha rekodi, na penye tofauti ukatoa hukumu. Sheria iliruhusu adhabu ya mara nne ya kiasi kilichodaiwa. Watu walikatwa mishahara na kunyang'anywa marejesho ya kodi, na wengine walifilisika. Jimbo lilipokuja kupitia upya maamuzi zaidi ya 22,000 yaliyotolewa na mashine bila mtu kuyaangalia, asilimia 93 yalikuwa na makosa. Mwaka 2022 Michigan ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi ya waliodhulumiwa.

Matukio haya mawili husimuliwa kama ncha mbili zinazokinzana: Minnesota ililegeza mno, Michigan ilikaza mno, na hekima iko katikati. Usimulizi huo unapotosha. Majimbo yote mawili yalikosea mahali pamoja. Michigan ilielekeza shaka yote kwa mtu aliyepoteza kazi na haikuwa na shaka hata kidogo na mashine yake. Minnesota ilimwamini mdhamini aliyekuwa akipata sehemu ya kila dola. Pote pawili aliyeshika mamlaka ya kugawa hakuwa na shahidi pembeni yake. Hakuna kipimo cha katikati kati ya ukali na upole kitakachoponya hilo, kwa sababu ugonjwa hauko kwenye kiasi cha shaka. Uko kwenye mwelekeo wake.

Mwelekeo mbaya wa shaka ulijitokeza Minnesota kwa namna nyingine pia, yenye uchungu zaidi. Wengi wa washtakiwa walikuwa Wamarekani wenye asili ya Kisomali, jamii ambayo makao yake makubwa kuliko yote nchini humo yako Minnesota. Familia nyingi za jamii hiyo zilipita kambi za wakimbizi za Dadaab au Kakuma, au mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, kabla ya kufika huko, na sehemu ya fedha zilizoibwa, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, ilinunua nyumba na ardhi katika mwambao wa Kenya. Kutokana na hayo jamii nzima iliwekwa kizimbani katika mazungumzo ya siasa, kuanzia vijiweni hadi Ikulu ya Washington. Kiongozi wa shirika lenyewe hakuwa Msomali. Na baadhi ya watoto ambao majina ya uongo yalichukua nafasi zao kwenye orodha walikuwa watoto wa mitaa ya Wasomali wenyewe. Waliibiwa mara mbili: chakula kwanza, heshima baadaye.

Kumtuhumu mtu kwa ukoo wake ni dhuluma kwanza, na pia ni uchunguzi mbovu. Idara inayotazama majina badala ya hesabu humpa mwizi ngao. Kwa kuwa ubaguzi ni wa kweli na mahakama zinaujua, mdanganyifu akisema anabaguliwa, afisa ambaye hana kipimo kilicho sawa kwa wote hunyamaza. Kama kila mdhamini, awe wa kanisa la Walutheri au wa vijana wa Kisomali, angekaguliwa kwa kipimo kilekile tangu siku ya kwanza, kwa mfano kila madai ya malipo yanapoongezeka maradufu ndani ya miezi mitatu, kesi ya ubaguzi isingekuwa na pa kushika. Usawa wa ukaguzi ndio uliokuwa ulinzi bora wa mhamiaji mwaminifu.

Hapa mbunge hukutana na swali la zamani la uwakilishi. Novemba 3, 1774, mwanasiasa wa Uingereza Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol kwamba mwakilishi anadaiwa na wananchi wake si bidii tu. Wanamdai pia akili na uamuzi wake, na akiutoa kafara mbele ya maoni yao amewasaliti. Walikuwa wamekwisha kumchagua, na miaka sita baadaye, baada ya kuwaudhi, alijiondoa kwenye uchaguzi alipoona hana kura. Burke alikuwa na haki nusu. Kuhusu hukumu, mbunge anayefuata ghadhabu ya wapiga kura kumtia hatiani jirani asiye na kosa amewasaliti, hata wakimshangilia. Lakini kuhusu ukweli wa mambo, mpiga kura aliyeona kituo kimefungwa anajua zaidi ya mbunge, na mbunge hana uamuzi wa kuweka mbele ya macho ya huyo. Hukumu ni ya mwakilishi. Ushahidi ni wa mwananchi.

Baada ya uchaguzi wa 2024 kuligawa Baraza la Minnesota kwa viti 67 kwa 67, wajumbe waliunda mwaka 2025 kamati maalumu ya kuzuia udanganyifu na kusimamia idara za serikali, chini ya uenyekiti wa Kristin Robbins wa chama cha Republican. Kamati iliwahoji wakuu wa idara na kupokea taarifa za wafanyakazi waliokuwa wakiogopa kusema. Democrats walilalamika kwamba ilitumika kuupiga upande mmoja. Lawama hiyo si ndogo, kwa kuwa kamati ya ukaguzi ikigeuka jukwaa la kampeni, mfanyakazi mwenye taarifa hukaa kimya asionekane anajiunga na chama. Hata hivyo, kuwahoji watendaji hadharani ni kuelekeza shaka mahali pake.

Tatizo gumu zaidi ni lile linalofuata baada ya wizi kujulikana. Julai 2020 Minnesota ilianza kulipia kupitia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, huduma ya kuwasaidia wazee na wenye ulemavu kupata makazi na kubaki nayo. Makadirio yalikuwa dola milioni 2.6 kwa mwaka. Mwaka 2024 zililipwa zaidi ya dola milioni 100. Ongezeko la namna hiyo halihitaji mpelelezi. Linahitaji mtu mmoja wa kusoma jedwali na mbunge mmoja wa kuuliza. Septemba 2025 watu 8 walishtakiwa, na Oktoba 31 mwaka huohuo jimbo likaufunga mpango mzima. Mwenye ulemavu aliyekuwa anasaidiwa na mtoa huduma mwaminifu alipoteza msaada siku ileile na mwizi. Serikali ilisema imechukua hatua kali, na hatua hiyo ilimwangukia aliyenyoosha sahani.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, ina sheria ya ajabu kuhusu maiti inayokutwa shambani bila muuaji kujulikana. Wazee hupima umbali hadi miji iliyo jirani, na wazee wa mji ulio karibu zaidi hutamka mbele ya watu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmud, inauliza: nani angedhani wazee ndio wauaji? Na inajibu kwamba wanachokana ni kumwacha mgeni apite bila chakula na bila msindikizaji. Sheria hiyo inatambua hatia nyingine, isiyo ya mtenda kosa mwenyewe: ya kiongozi ambaye angeweza kuona na hakutazama. Katika sakata la Minnesota mahakama zimeshughulikia hatia ya wezi. Hatia ya wale waliorudishia shirika malalamiko lijichunguze haina mahakama. Ina Bunge peke yake.

Mei 2025 Seneti ya Minnesota ilipitisha kwa kura 60 kwa 7, vyama vyote viwili vikishiriki, muswada wa kuunda ofisi huru ya kuchunguza udanganyifu katika fedha za jimbo. Kikao cha mwaka huo kilimalizika bila Baraza kuupitisha. Ofisi ya aina hiyo itafaa kwa kadiri itakavyopewa nguvu za kusimamisha malipo ya mdhamini mara dalili zinapojitokeza, kumlinda mfanyakazi anayetoa taarifa, na kuhakikisha kwamba mdhamini akisimamishwa, chakula kinapelekwa kwa njia nyingine siku hiyohiyo. Ikikosa sharti hili la mwisho, itawakamata wezi na kuwaacha watoto na njaa, na wabunge watakaoipitisha hivyo watakuwa wamefanya nusu ya kazi waliyotumwa.